Anachelewa Kurudi, Lakini Huko Anafanya Kazi Gani?

Safu hii hujibu maswali ya wazazi na vijana kuhusu malezi na masomo. Barua nne za mwezi huu zote zimeandikwa kutoka Dar es Salaam, na zote zinahusu saa zile ambazo kijana wa sekondari hayupo darasani wala nyumbani: klabu, skauti, viwanja vya michezo. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

Shikamoo Mwalimu. Ninaishi Tabata Segerea na nina watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 16, yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa ya serikali iliyoko karibu na katikati ya jiji. Tangu Januari amejiunga na skauti na klabu ya mdahalo, na siku tatu kwa wiki hufika nyumbani saa moja usiku badala ya saa kumi na nusu. Mtihani wa muhula uliopita hesabu zimeshuka kutoka 61 hadi 52. Baba yake amesema mambo hayo yakome na muda huo aende tuisheni, kwa kuwa mwakani ni kidato cha nne. Kijana hakubishana, ila siku hizi anakula na kulala, hazungumzi na mtu. Je, shughuli hizi zinamjenga kweli, au ni kupoteza muda? — Mama wa Segerea

Marahaba, mama. Kabla sijakujibu, kuna swali ambalo ningependa umuulize kijana leo jioni, mkiwa wawili tu: huko skauti na huko kwenye mdahalo, ni kazi gani ambayo siku asipokuwepo yeye inalala? Akikuambia kwamba yeye ndiye anayetunza kamba na mahema, au ndiye katibu anayepanga nani ataunga mkono hoja na nani ataipinga, basi fahamu kwamba yuko mahali panapomfaa, hata kama hujaona kikombe wala cheti. Akikuambia kwamba huwa wanakaa chini ya mwembe wakimsubiri mwalimu ambaye mara nyingi haji, baba yake ana hoja nzito kuliko unavyodhani.

Naanza na swali hilo kwa sababu tunapozungumzia faida za shughuli za nje ya masomo tunapenda kutaja jina la shughuli, kana kwamba neno "skauti" lenyewe lina dawa ndani yake. Robert Baden-Powell alipopiga kambi ya kwanza ya majaribio mwaka 1907, katika kisiwa cha Brownsea nchini Uingereza, aliwachukua wavulana wapatao 20 akawagawa katika makundi manne, na kila kundi likaongozwa na mvulana mwenzao. Mambo mengine yote, skafu, kiapo na vifundo vya kamba, yanafundishika hata kwa picha. Lakini kijana wa miaka 15 kukabidhiwa wenzake watano, akajua kwamba wakikosa maji ya kunywa yeye ndiye atakayeulizwa, ni jambo ambalo darasa lenye wanafunzi 70 na mwalimu mmoja haliwezi kumpa kwa urahisi.

Mtafiti wa Marekani, Reed Larson, aliliandika jambo hili vizuri mwaka 2000. Alitumia taarifa za vijana waliobebeshwa vifaa vya kuwaita kwa mlio. Kila kilipolia, kijana aliandika anachokifanya wakati ule na namna anavyojisikia. Darasani vijana walikuwa wamekaza akili lakini moyo haupo, wanatamani wangekuwa mahali pengine. Walipokuwa wakipiga soga na marafiki moyo ulikuwepo, lakini akili haikuwa na kazi. Katika shughuli zilizopangwa, ambazo wamezichagua wenyewe, vyote viwili vilikutana, na Larson aliona kwamba hapo ndipo kijana anapojifunza kuanzisha jambo kwa hiari yake na kulifikisha mwisho. Mwaka huohuo Joseph Mahoney na Håkan Stattin walichapisha utafiti kuhusu vijana wa miaka 14 nchini Uswidi: waliokuwa katika shughuli zenye ratiba na msimamizi walikuwa na utovu mdogo wa nidhamu, ilhali waliozoea kwenda mahali pa kukutania pasipo na mpango wowote walikuwa na utovu mkubwa zaidi. Sisi mahali hapo tunapaita kijiweni, na hatukuhitaji Wazungu watuambie, lakini si vibaya kuona kwamba wamefika palepale.

Nikuonye pia, mama, usije ukamwambia baba yake kwamba "utafiti umethibitisha". Tafiti za namna hii zinaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja. Haziwezi kusema kwa uhakika kwamba klabu ndiyo iliyomtuliza kijana, kwa kuwa mara nyingi aliyekwisha kutulia, na ambaye kwao kuna nauli, ndiye anayejiunga.

Ninachokiamini zaidi ni nilichokiona. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mlezi wa klabu ya mdahalo katika shule moja ya kutwa hapa jijini. Alikuja msichana wa kidato cha pili ambaye akiulizwa jina alilitaja akiangalia sakafu. Kumsimamisha azungumze mbele ya watu kungekuwa ukatili, kwa hiyo nikampa saa na kengele, awe mtunza muda. Wiki ya tatu kaka mkuu wa shule, kijana mrefu na mwenye sauti, akapitisha dakika zake. Kengele ikalia. Akaendelea. Kengele ikalia tena, safari hii kwa nguvu, na ukumbi mzima ukacheka, na kaka mkuu akaketi. Sikumwambia msichana yule neno lolote, ila niliona kwamba siku ile alitoka ukumbini akitembea katikati ya wenzake badala ya nyuma yao. Muhula uliofuata aliomba mwenyewe kuunga mkono hoja. Alisoma karatasi kwa dakika mbili huku mikono ikitetemeka. Hakuwa bingwa wa mdahalo kamwe, na alama zake za Kiingereza zilipanda kidogo tu. Lakini wenzake walikuwa wakimtafuta kabla ya kuanza, kwa sababu bila yeye hakukuwa na saa.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana 52 ni 52. Piga nami hesabu ya siku ya kijana wako. Ili awahi shule kutoka Segerea, nadhani huamka saa kumi na nusu alfajiri. Klabu inakwisha saa kumi na moja jioni, kisha anasimama kituoni na wenzake wakati makonda wanafunga mlango, kwa kuwa mwanafunzi analipa nauli ndogo na anachukua nafasi ileile ya mtu mzima. Anafika saa moja usiku, anaoga, anakula, anafungua daftari saa mbili na nusu, analala saa tano. Hapo amelala kwa muda wa saa tano na nusu, ilhali wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Mwili wa kijana wa umri huu, kwa maumbile yake, huchelewa kusinzia usiku, kwa hiyo hata ukimwamuru alale saa tatu atakodoa macho darini kwa muda. Mtu aliyelala hivyo wiki nzima akishuka kwa alama tisa, mimi ningemchunguza usingizi kabla ya kuichunguza skauti.

Angalia pia jambo ambalo pengine baba yake hakulipima: tuisheni ya jioni itamrudisha nyumbani saa ileile. Uchovu utabaki, daladala itabaki, na kitakachoondoka ni saa zile tu ambazo kijana alikuwa akizingoja. Hapo sishangai kwamba amenyamaza.

Mimi ningefanya hivi. Nenda kamwone mwalimu wa hesabu, umwombe akuonyeshe karatasi ya mtihani, mjue alianguka wapi, kwa kuwa kidato cha tatu huleta mada mpya na ngumu, na mara nyingi tatizo ni mada moja au mbili, si somo zima. Punguza siku tatu ziwe mbili, kijana mwenyewe achague ipi inaondoka. Jumamosi asubuhi, akiwa amelala vya kutosha, afanye hesabu kwa muda wa saa mbili, na kama mna uwezo wa tuisheni iwe siku hiyo. Wekeni makubaliano hadi mtihani ujao, kisha mkae tena mezani. Anapoingia kidato cha nne apunguze zaidi, lakini aondoke kwa kukabidhi kazi yake kwa mwanafunzi mwenzake wa kidato cha pili, amfundishe wiki mbili tatu, asitoweke tu. Kukabidhi nako ni somo, na wapo watu wazima maofisini ambao hawajalijua.

Na baba yake aende siku moja akasikilize mdahalo. Asitangulize taarifa. Akae nyuma.

Niongeze jambo moja lililo moyoni mwangu. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe jumuiya ambayo wanafunzi wanafanya kazi na kushiriki kuamua mambo yao. Walioliharibu wazo hilo katika shule nyingi ni sisi walimu, tulipoligeuza shamba la shule kuwa adhabu ya waliochelewa. Tusiigeuze na klabu ikawa zawadi ya waliofaulu hesabu.

Heshima yako Mwalimu. Binti yangu ana miaka 15, anasoma hapa Mbagala. Anacheza mpira wa miguu na amechaguliwa katika timu ya kuelekea UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, hivyo atakwenda kambini na wenzake. Bibi yake anasema mpira utamharibia uanamke wake, na mimi mwenyewe sijali mpira, bali naogopa safari na watu nisiowajua. Nimzuie? — Baba wa Mbagala

Ndugu yangu, hofu ya bibi na hofu yako ni vitu viwili tofauti, nami nitazitenganisha.

Kwa bibi, mpe salamu zangu na umweleze kwa upole kwamba mwaka 2022 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India, na kabla yao hapakuwa na timu yoyote ya Tanzania, ya wanaume wala ya wanawake, iliyowahi kucheza fainali za Kombe la Dunia la FIFA la mpira wa miguu. Waliporudi, waliwasalimia bibi zao kama kawaida. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na halikuandika kwamba ni wavulana peke yao. Ukweli ni kwamba wasichana wengi wa jiji hili huacha michezo mapema kwa sababu ambayo haina uhusiano na mpira: kaka anatoka shule anakwenda uwanjani, dada anatoka shule anakwenda kwenye ndoo na jiko. Kama binti yako amefika timu ya mashindano akiwa na kazi hizo zote, ameshajifunza kupanga muda kuliko kaka zake.

Hofu yako ni ya haki, na siwezi kuipuuza kwa maneno matamu. Kinachomjenga kijana katika timu ni watu wazima na wenzake waliomo, na ndicho hichohicho kinachoweza kumbomoa. Jacquelynne Eccles na Bonnie Barber, waliowafuatilia wanafunzi wa jimbo la Michigan nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1999, waliona kwamba wanamichezo waliipenda shule na walipata alama nzuri, lakini walikunywa pombe zaidi kuliko wenzao. Waliokuwa katika shughuli za kanisa na za kujitolea walijiepusha zaidi na mambo hayo. Timu ina mila zake, na mtoto huzibeba bila kuchambua.

Kwa hiyo usimzuie, lakini usitie sahihi ukiwa umesimama mlangoni. Nenda shuleni uulize nani matroni wa msafara, na kama ni mwalimu wa kike atakayelala jengo moja na wasichana. Uliza watalala wapi, usafiri unaondoka saa ngapi na kurudi saa ngapi, na ni nani atakayekupigia simu mtoto akiumia. Uliza kama kocha huwafanyisha mazoezi wachezaji mmoja mmoja faragha. Jibu linalotakiwa ni hapana. Mwalimu mwema hatachukizwa na maswali haya, na atakayechukizwa amekwisha kukujibu. Binti naye aambiwe waziwazi, na wewe baba yake, si kwa mafumbo, kwamba hakuna namba kwenye timu inayonunuliwa kwa kukaa kimya, na kwamba jambo likimtia shaka atakuambia bila kugombezwa. Ajue pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo kupiga ni bure, na dawati la jinsia na watoto katika vituo vya polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, hata awe mfungaji bora wa wilaya.

Akirudi kambini, usianze na "mmeshinda?" Muulize alikuwa analala karibu na nani, na nani alilia. Utajua mengi.

Mwalimu, mwanangu wa kidato cha kwanza ana vyeti vitano vya klabu. Je, vitamsaidia kuchaguliwa kidato cha tano au chuo kikuu? — Mzazi, Mbezi

Kwa shule za serikali na vyuo vya hapa nchini, hapana. Uchaguzi wa kidato cha tano na udahili wa vyuo vikuu hutazama matokeo ya mtihani. Baadhi ya vyuo vya nje, hasa vya Marekani, huuliza mwombaji alifanya nini nje ya darasa, lakini nao hupenda kuona jambo moja lililodumu miaka mitatu kuliko vyeti vitano vya mwaka mmoja. Mtoto wa kidato cha kwanza mwenye vyeti vitano, kama ningekuwa jirani yako, ningekuuliza kwanza vyeti hivyo anavitaka nani.

Niseme na hili, kwa kuwa wazazi wengi wananitajia Hasheem Thabeet, aliyeanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hapa Dar es Salaam, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, au Mbwana Samatta wa Mbagala, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, mwaka 2020. Tunajivunia wote wawili. Lakini mmoja ana urefu unaozidi futi saba, na mwingine ni mmoja katika watoto wasiohesabika waliocheza kwenye viwanja vilevile. Hao wengine nao walipata kitu viwanjani, na hicho ndicho mwanao atakachokipata.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha pili Kigamboni. Shuleni kwetu kuna mpira tu, na mimi sijui mpira, wananiweka golini wakikosa mtu. Mama hana hela ya kunilipia mambo ya nje. Nifanyeje? — Kipa wa Dharura

Marahaba, mwanangu. Umeandika barua fupi na imenichekesha, maana hata mimi niliwekwa golini.

Klabu ya shule haihitaji fedha nyingi kuanza. Inahitaji wanafunzi wachache wenye jambo moja, mwalimu mmoja atakayekubali kuwa mlezi, na siku moja ya wiki isiyobadilika. Roots & Shoots, mpango wa vijana wa kutunza mazingira, wanyama na jamii ambao leo uko katika nchi nyingi, ulianzia katika jiji hilihili mwaka 1991, wanafunzi wachache wa sekondari walipokutana barazani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe aliyefariki Oktoba 2025. Walianza na mazungumzo tu kuhusu yale yaliyokuwa yakiwasumbua.

Wewe linalokusumbua ni nini? Kama ni taka zinazoletwa na bahari ufukweni, hiyo ni klabu. Kama ni vitabu vilivyofungiwa kabatini kwa mwalimu wa taaluma, muombe ufunguo kwa saa moja kila Alhamisi, uwe na daftari la kuazimisha, na hiyo pia ni klabu. Ukiwa na sauti, kuna kwaya au kaswida mahali unaposali, na hapo huwa kuna mwalimu tayari na wenzako tayari, tena bila ada. Na usidharau uwanja ulio nao: timu ya shule inahitaji mtu wa kuandika matokeo, kutunza jezi na kujua nani ana kadi mbili za njano. Mara nyingi kazi hiyo haina mwenyewe, ndiyo maana jezi hupotea.

Mwone mwalimu mmoja tu kwanza, yule ambaye humuogopi sana. Nenda na wenzako wawili, usiende peke yako, na muwe mmeandika kwenye karatasi mnataka kufanya nini, siku gani na saa ngapi mtamaliza, kwa sababu jambo la kwanza atakalowauliza ni saa ya kufunga geti. Kidato cha pili mna mtihani wa taifa mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo anzeni na siku moja kwa wiki, si zaidi. Akikataa, subirini wiki mbili mmfuate mwingine. Kisha niandikie nijue jezi zimebaki ngapi.